Msaada: nahamisha data za wakulima kutoka Access, MySQL na Excel kwenda PostgreSQL, namba za NIDA zinaharibika njiani

karani_mtama

Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Niko huku Mtama, Lindi, nashika upande wa kompyuta kwenye chama kimoja cha msingi, korosho ndiyo kazi kubwa halafu ufuta na mbaazi. Uongozi umeamua data zote zikae sehemu moja, tumewekewa databesi ya PostgreSQL kwenye kompyuta mpya ya ofisini, na kazi ya kuhamisha nimepewa mimi, nataka iwe imeisha kabla magunia hayajaanza kuingia ghalani mwezi wa kumi.

Hali ilivyo ni hivi. Daftari la wakulima liko kwenye Access ya zamani, faili la .mdb, alilitengeneza kaka mmoja aliyekuwa hapa miaka hiyo na keshahamia Dar. Mapokezi ya mzigo, yaani kilo, daraja, tarehe na namba ya stakabadhi, yako kwenye databesi ya MySQL iliyokuja na XAMPP. Pembejeo, salfa na viuatilifu vya maji, ziko kwenye Excel, kila kijiji na faili lake na kila karani aliandika anavyojua. Kwa hiyo mkulima mmoja yumo sehemu tatu kwa sura tatu.

Nilichofanya mpaka sasa, nimetoa daftari la wakulima kutoka Access nikalipeleka Excel, Excel nikasevu kama CSV (faili la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato), CSV nikaiingiza PostgreSQL. Ikaingia. Nikafurahi kweli, lakini nilipoanza kupekua nikaona namba za NIDA karibu zote zinaishia sifuri tano, namba za simu zimepoteza sifuri ya mbele, kuna bibi kaandikwa kazaliwa 2048, na tarehe za kujiunga nyingine zimegeuka, mtu aliyejiunga tarehe 3 mwezi wa nne anasoma tarehe 4 mwezi wa tatu. Niliposhtuka nikafuta zote.

Sasa naomba kuuliza, kuna programu gani nzuri ya kuoanisha kolamu za databesi moja na nyingine halafu ikahamisha yenyewe bila kuharibu? Iwe ya bure maana bajeti haipo, na intaneti ya hapa jioni inakuwa nzito. Na nyie mliowahi kufanya kazi kama hii mnaunganishaje watu walioandikwa majina tofauti? Natanguliza shukrani.

chikongola_IT

Karibu jirani, mimi niko Mtwara mjini. Kwanza umefanya vizuri kufuta mapema, wengine wanagundua msimu umeshaanza. Pili faili la .mdb usiliguse kabisa, chukua kopi mbili, moja weka kwenye flashi ikae kabatini, nyingine ndiyo ufanyie kazi.

Aliyekuharibia ni Excel na si PostgreSQL. Excel inashika tarakimu 15 tu za namba, kinachozidi hapo inageuza sifuri. NIDA ina tarakimu 20, toa 15 unabaki na 5, ndizo hizo sifuri tano unazoziona. Na ukishasevu hazirudi tena, ndiyo maana nimekwambia utunze .mdb, nina imani mle ndani bado ziko nzima kama yule kaka aliiweka kolamu kuwa ya maandishi. Namba ya simu hivyohivyo, Excel ikiona 07 inadhani ni hesabu, inakata sifuri.

Na hata kule PostgreSQL usije ukaweka NIDA kuwa namba ukidhani bigint, aina yake ya namba kubwa nzima, itatosha. Bigint inaishia tarakimu 19, na NIDA ya mtu aliyezaliwa miaka ya 1900 inaanza na 19 halafu zinafuata 18, haiingii. Iweke text, yaani maandishi. NIDA hatuijumlishi wala hatuitoi, ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, simu pia text, namba ya stakabadhi text.

Tarehe sasa. Excel ikitoa CSV inatoa kile kinachoonekana kwenye kioo, kama kompyuta yako inaonyesha mwaka kwa tarakimu mbili basi 1948 inatoka 48, na PostgreSQL ikikutana na mwaka wa tarakimu mbili chini ya 70 inaupeleka 2000 na kitu. Bibi wa watu akawa hajazaliwa. Ile ya siku na mwezi kugeuzana inatoka kwenye mpangilio, PostgreSQL mara nyingi inakuja imepangwa kusoma mwezi kwanza kama Wamarekani. 25/03 itaigomea utaona kosa, lakini 03/04 inapita kimya kimya, na hizo za kimya ndizo mbaya zaidi. Dawa ni moja, tarehe itoke imeandikwa mwaka kwanza, 1948-03-12, hiyo PostgreSQL haiikosei.

Kwa programu, kwa hali yako mimi ningetumia mbili tu.

Ya kwanza DBeaver, ile Community ni ya bure na inakaa kwenye Windows. Inafungua .mdb yenyewe kwa draiva inaitwa UCanAccess, inafungua na ile ya XAMPP (ambayo ndani yake siku hizi ni MariaDB), inafungua na PostgreSQL, zote zinakaa upande wa kushoto kwenye dirisha moja. Unabonyeza kulia kwenye jedwali unachagua kuekspoti data, unakoipeleka unachagua databesi, inakuletea dirisha la kuoanisha, huku kolamu ya zamani huku ya mpya, unaamua hii iende pale, hii iachwe, hii iwe text. Data haipiti Excel hata sentimita moja. Angalizo, draiva inazishusha mtandaoni mara ya kwanza ukifungua kila aina ya databesi, kwa hiyo siku ukija Lindi mjini kwenye intaneti nzuri zifungue zote tatu mara moja, baada ya hapo unafanya kazi bila mtandao.

Ya pili pgloader, hii kwa ajili ya ile ya XAMPP. Inakaa vizuri kwenye Ubuntu, kama una Windows 10 au 11 washa WSL (Linux inayokaa ndani ya Windows) uiweke mle. Unaipa anwani ya databesi ya zamani na ya mpya, mstari mmoja, inasoma majedwali yote, inaunda yale ya mpya, inapeleka data, faharasa na funguo, na zile kaunta zinazotoa namba mpya kwa kila mstari inazisogeza mbele. Tarehe za 0000-00-00 ambazo MySQL inazikubali na PostgreSQL inazikataa inaziacha wazi. Mstari mbovu mmoja hausimamishi kazi, inautenga kwenye faili lake la waliokataliwa, unausoma baadaye. Kitu kinachochanganya wengi, ikimaliza unafungua PostgreSQL unaona patupu, usiogope, inakuwa imeweka majedwali kwenye skima (chumba cha majedwali ndani ya databesi) yenye jina la databesi ya zamani badala ya public, ile skima ya kawaida.

Ukiona DBeaver inasumbua na .mdb kubwa basi kwenye hiyohiyo Ubuntu kuna mdbtools, mdb-tables inakuorodheshea majedwali na mdb-export inatoa jedwali moja moja, ila uiambie mpangilio wa tarehe uwe mwaka kwanza, ukiiacha ilivyo inaweza ikakupa tena mwaka wa tarakimu mbili tukarudi kwa bibi.

Kitu cha mwisho, usipeleke moja kwa moja kwenye majedwali ya kudumu. Tengeneza skima ya mapokezi, kila kolamu text, mwaga kila kitu humo kama kilivyo, ndipo uanze kusafisha na kupeleka ndani kwa SQL, lugha ya kuiamuru databesi. Fungua na BEGIN, funga na COMMIT, umeme ukikatika katikati hakuna kilichoingia nusu.

BintiNewala

Chikongola kaongea vizuri upande wa mashine, mimi niongezee upande wa watu maana hapo ndipo nimeumia.

Nilikuwa karani kwenye chama kimoja huku kwetu, sitakitaja. Tulisafisha majina kwa OpenRefine, programu nzuri na ya bure, inafunguka kwenye brauza lakini data inabaki kwenye kompyuta yako. Ina kitu cha kukusanya majina yanayofanana, inakuletea makundi, unabonyeza unganisha. Sisi tukabonyeza unganisha zote. Inavyofanya kazi ile njia yake ya kwanza, inayoitwa fingerprint, inashusha herufi kubwa, inatoa alama, inakata jina neno neno, inayapanga kwa alfabeti, halafu neno likijirudia inalibakiza moja.

Sasa angalieni majina yetu. Baba anaitwa Juma Hamisi Juma. Kazaa mtoto, kampa jina la babu yake, mtoto ni Hamisi Juma Hamisi. Peleka wote wawili kwenye ile njia, baba anatoka "hamisi juma", mtoto anatoka "hamisi juma". Mashine inakwambia huyu ni mtu mmoja. Na wako kijiji kimoja, shamba la mikorosho limepakana, simu waliyoandikisha ni moja maana mzee hana simu.

Malipo ya mnada yalipotoka yakaenda yote akaunti ya mtoto. Yule mzee alikuja ofisini na stakabadhi zake kazifunga kwenye mfuko wa nailoni, akazipanga mezani moja moja, karatasi tisa, kila moja na kilo zake na sahihi yangu mimi mwenyewe. Hakugomba. Aliuliza tu, mwanangu, hizi kilo ni za nani? Mtoto wake bahati nzuri alikuwa muungwana akamrudishia, lakini mimi yale maswali siyasahau, na kuna familia zingegawanyika pale.

Kwa hiyo karani_mtama, yale makundi yatumie kukuonyesha pa kuangalia tu, kuunganisha unganisha kwa jicho, kundi kwa kundi. Hamisi, Hamis na Khamis sawa, Mohamedi na Muhamadi sawa, hizo ni tahajia za makarani. Lakini mpangilio wa majina usiuguse, kwetu mpangilio ndiyo ukoo.

Na jina lisiwe ufunguo wa kuunganishia majedwali. Tengeneza jedwali dogo la katikati, kolamu ya namba mpya ya mkulima, ya namba yake ya Access, ya XAMPP, na ya mstari wake kwenye Excel pamoja na jina la faili la kijiji. Kila uamuzi wa "huyu ndiye yule" unaandika humo na tarehe na nani kaamua. Siku ukigundua umekosea unafuta mstari mmoja wa hilo jedwali, hubomoi data.

NIDA itakusaidia sana hapo kwa aliyenayo, na kuna kitu watu hawakiangalii, tarakimu nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka mwezi siku. Linganisha na kolamu ya tarehe ya kuzaliwa, pasipolingana hapo pana kosa la mwandishi au umechanganya watu wawili. Hata yule bibi wa 2048 utamkamata kwa njia hiyohiyo.

mizani_masasi

Mimi si mtu wa kompyuta sana, nimekaa ghalani Masasi miaka mingi kwenye mizani, ila haya mnayosema nayaelewa kwa kazi yangu. Mzigo ukitoka kwenye chama unapimwa, ukifika ghala kuu unapimwa tena, na kwenye korosho tunajua kuna unyaufu, kilo zinapungua kidogo maana zinakauka. Data hazikauki. Kilo zilizotoka kwenye databesi ya zamani ziwe ndizo zilizofika kwenye mpya, hata nusu kilo isipungue, na isizidi pia maana ikizidi kuna mtu umempimia mara mbili.

Kuhesabu mistari peke yake hakutoshi. Mistari inaweza kulingana na kilo zisilingane. Jumlisha kilo kwa kijiji, kwa daraja, kwa siku, za zamani kushoto za mpya kulia, uone ni kijiji gani na siku gani zimeachana. Halafu chukua stakabadhi za karatasi kama ishirini hivi, uzichomoe popote kwenye boksi bila kuchagua, kila moja uitafute kwenye kompyuta mpya, jina, kilo, daraja, tarehe. Karatasi yenye sahihi ya mkulima ndiyo mizani yako ya pili.

karani_mtama

Asanteni sana sana, nimesoma yote mara mbili. Dada BintiNewala pole, hiyo ya baba na mtoto imenitoa jasho maana nimeenda kuangalia haraka na hapa kwetu wapo, tena si mmoja.

Maswali mawili ya haraka. Kuna rafiki kaniambia nitumie Talend, mwingine Pentaho, hizo zikoje? Na mwingine kasema kuna tovuti unapandisha .mdb yako inakurudishia SQL tayari, bure.

chikongola_IT

Talend ile ya bure, Open Studio, wenyewe waliifunga tarehe 31 Januari 2024, bado utaikuta imezagaa mtandaoni ila haina matengenezo, usianze nayo leo. Pentaho ni nzuri, na kuna Apache Hop iliyotokana nayo, ya bure kabisa, unachora mishale, data itoke hapa ipite hapa isafishwe iingie pale. Ila hizo zinalipa ukiwa na kazi inayojirudia, mathalani kila jioni ya msimu mzigo wa maghala matano uingie makao makuu. Wewe unahama mara moja, wiki utakayotumia kujifunza Hop inatosha kumaliza kazi yote na DBeaver na SQL yako. Msimu ukianza mkaamua matawi yalete data kila siku, hapo njoo tuongee Hop.

Hiyo tovuti usiiguse, nakuomba kabisa. Mle mna NIDA, simu na akaunti za benki za watu, hujui seva iko wapi wala nani anasoma. Na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, chama chako kinabeba dhamana ya hizo taarifa. Kila kitu nilichokutajia kinafanyika ndani ya kompyuta yako.

Nimekumbuka mawili mengine. Kwenye Access zile kolamu za ndiyo na hapana, ndiyo kwa ndani ni -1, si 1. Ukiipeleka kama namba halafu ukauliza walio hai kwa = 1 utaambiwa chama hakina mwanachama hata mmoja. Ipeleke iwe boolean, yaani kweli au si kweli. Na kilo na shilingi zote ziwe numeric, namba isiyokadiriwa. Kama kule XAMPP mtu aliziweka float, jumlisha kabla hujahama uandike pembeni, float inatunza makadirio, na ndiyo zile senti zinazoachana ukijumlisha mara ya pili.

ngapa_lindi

Naingilia kidogo. Mimi niko Lindi mjini, tuna kata inaitwa Ng'apa, na hiyo ng' imewahi kunikalisha ofisini mpaka saa mbili usiku. Kile kialama cha juu makarani wanakiandika namna tatu, wengine kile cha wima, wengine kile kilichojikunja ambacho Word inaweka yenyewe, wengine wanabonyeza kile cha pembeni ya namba moja. Kwa macho ni Ng'apa moja, kwa kompyuta ni vijiji vitatu, na ripoti ya kilo inatoka imegawanyika. Tena ukitengeneza SQL kwa kuunga maneno, kile cha wima kinafunga sentensi katikati na mstari unakataliwa.

Kabla ya kuunganisha chochote badili vyote viwe kimoja, na nafasi mbili mbili na nafasi za mwishoni uzikate. Mimi sasa kijiji sikiandiki kabisa, nina jedwali la vijiji lenye namba, karani anachagua.

karani_mtama

Wakuu narudi na mrejesho, zimepita wiki mbili.

Jumamosi ile nilikuja Lindi mjini na laptopu, nikashusha draiva zote. Kwenye .mdb kweli NIDA ziko nzima, tarakimu 20, yule kaka aliziweka maandishi, Mungu ambariki. Daftari la wakulima limeingia kwenye skima ya mapokezi kupitia DBeaver, XAMPP nimehamisha kwa pgloader, mistari sita ilikataliwa, nimeifungua yote ilikuwa imeingizwa herufi mbovu kwenye jina. Na kweli nilifungua public nikakuta patupu, moyo ukalipuka, halafu nikakumbuka ulichosema kuhusu skima.

Za Excel ndizo zimekula muda. Nimezifungua moja moja, nikaweka kila kijiji kolamu ya jina la faili kama dada alivyosema. Kilo nimelinganisha kwa kijiji na daraja na siku, kijiji kimoja kilizidi kilo 412. Nilitafuta siku nzima, kumbe kuna siku moja mwaka juzi karani aliingiza stakabadhi zilezile asubuhi na jioni, kosa lilikuwepo tangu zamani, hakuna aliyewahi kuliona. Sijalifuta. Nimeliandika, nimepeleka kwa katibu na karatasi zake, wao ndio waamue.

Chikongola, ile kaunta ya namba nayo ilinishika, majedwali niliyoingiza kwa DBeaver nilipojaribu kuongeza mkulima mpya ikasema namba 1 tayari ipo, nikaisogeza kwa amri ya setval mpaka namba kubwa kabisa iliyopo, ikatulia.

Kilichobaki ni watu. Kwenye jedwali la katikati nimemaliza wote isipokuwa kumi na moja, hawa hawana NIDA, majina matatu yanafanana, kijiji kimoja, na simu ni ya mtu mwingine. Nimekaa nao siku tatu kwenye kioo nikaona siwezi kuamua. Keshokutwa nachukua pikipiki na daftari, naenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nitawauliza wenyewe.

BintiNewala

Hapo sawa kabisa mdogo wangu. Nenda asubuhi mapema, saa hizi watu wako mashambani wanapalilia chini ya mikorosho, ukichelewa hukuti mtu. Na waambie waje na stakabadhi zao za zamani.